Mashine ya Kufulia Inayopiga Kelele: Isikilize Kabla ya Kuifungua

Fundi mzoefu akiitwa kutazama mashine ya kufulia inayopiga kelele, haanzi na bisibisi. Huiwasha, akasimama kando, akasikiliza. Anachotaka kujua ni kelele inaingia hatua gani: maji yanapoingia, nguo zinapogeuzwageuzwa, maji yanapotolewa, au mashine inapokamua. Akishajua hilo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha, kwa sababu kila hatua ina viungo vyake, na kiungo kilichotulia hakiwezi kupiga kelele.

Njia hiyo unaweza kuitumia wewe mwenyewe nyumbani. Kelele nyingi hazihitaji spea yoyote. Zinahitaji kusawazisha miguu, kusafisha chujio, au kutoa sarafu iliyopotea. Ndiyo maana makala haya yanaanza na matengenezo yasiyogharimu kitu na kumalizia na yale yanayoweza kukufanya ujiulize kama mashine bado inafaa kutengenezwa. Tutakaa zaidi kwenye mashine za mlango wa mbele, kwa kuwa ndizo zenye mambo mengi. Za kufungulia juu na zile za matanki mawili zina sehemu yake mbele.

Kabla ya kugusa skrubu

Chomoa plagi, kila mara. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: soketi ikiwa ilifungwa ovyo, swichi hukata nyutro na kuacha waya wa moto ukiwa na umeme hadi ndani ya mashine. Kisha funga koki ya maji. Kama mashine ilikuwa inafua kwa maji ya moto, iache ipoe.

Jambo la pili ni athi. Mashine nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya pini mbili za mviringo, ambayo athi yake iko kwenye vipande vya chuma vya pembeni. Ukiichomeka kwenye soketi ya matundu matatu, kama zilivyo za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kutumia adapta ya bei rahisi, athi hupotea. Dalili yake ni bodi inayokutekenya ukiigusa kwa mkono uliolowa. Hapo acha habari ya kelele kwanza. Plagi ikatwe, ifungwe ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, athi iunganishwe, na mtu wa umeme ahakikishe kuwa athi ya nyumba yenyewe inafanya kazi.

La tatu ni uzito. Mashine ya mlango wa mbele huwa na kilo 60 hadi 75, na sehemu kubwa ya uzito huo ni vipande vya zege au chuma vilivyofungwa juu ya tangi ili lisirukeruke. Kuivuta kutoka ukutani ni kazi ya watu wawili.

Vifaa si vingi: bisibisi ya nyota na ya bapa, seti ndogo ya spana, koleo, tochi, pimamaji, sinia na taulo kuukuu. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu, hasa nyaya. Picha hizo zitakusaidia wakati wa kurudishia.

Iwashe ikiwa tupu

Toa nguo zote, chagua programu ya kukamua peke yake, uiache izunguke. Jaribio hili linagawa matatizo makundi mawili. Ikiwa tupu imetulia, lakini ikiwa na nguo inagonga, tafuta kwenye mzigo, usawa wa sakafu au shokapu. Ikiwa tupu nayo inanguruma, tatizo liko kwenye vyuma vinavyozunguka. Baada ya hapo endesha programu fupi nzima na uandike kelele inaingia lini:

- Inazizima kwa muda mrefu maji yanapoingia, au inapiga kishindo kimoja maji yanapokatika: tazama valvu na mpira wa maji.
- Inakwaruza au kugonganisha chuma kwa chuma nguo zinapogeuka polepole: kuna kitu kati ya ngoma na tangi.
- Inatatarika maji yanapotolewa: pampu.
- Inatoa mlio mkali wa mpira ngoma inapoanza kuzunguka: mkanda.
- Inaruka na kugonga ukuta inapoanza kukamua: mzigo, miguu au shokapu.
- Inanguruma, na ngurumo inapanda kadiri kasi inavyopanda: beringi.

Sauti nyingine ni za kawaida. Kufuli la mlango hupiga mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni. Pampu hugugumia maji yanapokaribia kwisha kwa sababu inavuta hewa. Hizo ziache.

Mzigo, miguu na sakafu

Ukitaka kujua kwa nini mashine nzito hivyo inaweza kutembea chumbani, fanya hesabu. Chukua nusu kilo ya nguo iliyolowa, iliyojikusanya upande mmoja wa ngoma, sentimita 25 kutoka katikati. Ngoma ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, nusu kilo hiyo huvuta upande wake kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140, na upande huo unahama zaidi ya mara 16 kila sekunde. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Kwa hiyo anza na nguo. Blanketi moja peke yake, au suruali moja ya jinzi, hujikunja upande mmoja na haina kitu cha kuisawazisha. Iongezee taulo mbili tatu. Mashuka na khanga zisiingizwe zikiwa zimeviringana. Makoti ya mvua, turubai na mapazia ya bafuni yasikamuliwe kabisa kwenye mashine: hukinga maji ndani ya mikunjo, kisha maji yote humwagika upande mmoja kasi ikiwa imeshapanda. Ukiwa na mzigo mgumu, punguza kasi. Kutoka mizunguko 1,200 hadi 800 kwa dakika, nguvu ya kuvuta inashuka hadi chini ya nusu, na nguo hazitachelewa kukauka kwa kiasi cha kukukera.

Kisha tazama miguu. Bonyeza kona mbili zinazotazamana kwa mshazari, kisha mbili nyingine. Ikicheza hata kidogo, kuna mguu unaoelea. Legeza nati iliyo juu ya mguu huo, uzungushe mguu mpaka uguse sakafu sawasawa, weka pimamaji juu ya mashine kwa urefu na kwa upana, halafu kaza nati kuelekea bodi ya mashine. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho. Nati ikibaki legelege, mguu hujizungusha wenyewe na baada ya wiki chache kelele inarudi.

Sakafu nayo ina lake. Mashine iliyowekwa juu ya kichanja cha mbao, stendi ya plastiki au marumaru iliyo wazi chini yake itatetema hata ikiwa nzima. Gonga marumaru kwa kidole kabla ya kuiweka. Ikitoa sauti ya uwazi, hamia mahali pengine. Acha nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya mashine na ukuta, na hakikisha mpira wa kutolea maji haugongi bomba wala ukuta.

Mashine mpya inayoruka siku ya kwanza

Kama mashine imetoka dukani leo na inaruka chumba kizima, tazama mgongoni kabla ya kuirudisha. Kiwandani tangi hufungwa kwa bolti ndefu tatu au nne ili lisigongegonge safarini. Bolti hizo zisipotolewa, springi na shokapu haziwezi kufanya kazi, na mtetemo wote huingia kwenye bodi. Zifungue kwa spana, zitoe pamoja na vipande vyake vya plastiki, uzibe matundu kwa vifuniko vilivyokuja na mashine. Usizitupe: siku ya kuhama nyumba utazihitaji tena.

Mashine ya mtumba iliyovuka bahari bila bolti hizo ina hatari nyingine. Tangi limeyumba njia nzima, na huenda springi imechomoka kwenye ndoano au shokapu imepinda. Fungua kifuniko cha juu uzitazame kabla ya kuitumia.

Pampu na chujio lake

Chini ya mashine ya mlango wa mbele, mara nyingi kona ya kulia, kuna kidirisha kidogo. Nyuma yake kuna kifuniko cha chujio cha pampu. Tandika taulo, weka sinia, kisha legeza kifuniko robo mzunguko. Maji yatatoka. Sinia likijaa, kaza, mwaga, legeza tena. Usikifungue chote mara moja, kwani lita kadhaa zinaweza kuwa zimebaki ndani. Kama kuna kimpira chembamba pembeni, kitumie hicho kwanza kumwagia maji.

Utakayoyakuta huko ni yale yaliyosahauliwa mifukoni na kwenye nguo: sarafu ya shilingi mia, pini ya hijabu, kibanio cha nywele, kifungo, shanga, na karatasi ya risiti iliyogeuka tope. Toa vyote, osha chujio, kisha umulike kwa tochi ndani ya tundu. Utaona feni ndogo ya plastiki. Izungushe kwa kijiti au kidole. Inatakiwa izunguke kwa kusitasita, kana kwamba inaruka hatua. Hiyo ni sumaku iliyo ndani yake, na haina kasoro. Kasoro ni feni inayozunguka bila kizuizi chochote, inayoyumba kando, au iliyokatika pezi. Uzi na nywele zilizojizungusha kwenye mhimili wake zivute kwa koleo.

Ikiwa njia ni safi, feni ni nzima, na bado pampu inatatarika, basi mhimili wake umelika. Pampu hubadilishwa nzima. Ni kazi ya skrubu chache na nyaya mbili, na mtu mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe.

Kitu kati ya ngoma na tangi

Ngoma ni lile pipa la chuma lenye matundu. Tangi ni lile linaloizunguka na kushika maji. Kati yao kuna nafasi ndogo, na kitu chembamba kikipita hapo ndipo sauti ya kukwaruza inapoanza. Mhalifu mkubwa ni waya wa sidiria. Hutoboa kitambaa, huingia kwenye tundu la ngoma, na ukisimama wima unaweza kutoboa tangi la plastiki.

Zungusha ngoma kwa mkono polepole huku ukisikiliza. Ukifika mahali sauti inapotoka, simama, umulike kwenye matundu. Mara nyingine ncha ya waya inaonekana. Ishike kwa koleo jembamba, uivute kwa kuizungusha taratibu. Ikiwa haifikiki, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoa mpira unaounganisha tangi na pampu, chini kabisa, kwa kuwa vitu vidogo huteremka huko. Ya pili ni kutoa hita: iko sehemu ya chini ya tangi, mbele au nyuma kutegemea mashine, na imeshikwa na nati moja katikati. Legeza nati bila kuitoa kabisa, isukume ndani kidogo, kisha vuta hita polepole pamoja na mpira wake. Tundu litakaloachwa linatosha kupitisha waya uliokunjwa wa kunasia kilichomo. Unaporudisha hita, hakikisha imekaa kwenye kishikio chake ndani ya tangi. Ikielea, ngoma itaikwaruza, na utakuwa umebadilisha kelele moja kwa nyingine.

Usisahau mpira wa mlango. Ufunue mikunjo yake yote mduara mzima: mawe madogo, mchanga wa ufukweni na vifungo hukaa humo na kusuguana na ukingo wa ngoma.

Maji yanayoingia

Nyumba nyingi za mijini hutegemea tangi la maji lililoinuliwa. Mashine nyingi za kufulia zinataka msukumo wa angalau nusu ba, ambao ni sawa na maji yaliyo mita 5 juu ya mashine. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 halifikishi hapo. Matokeo yake valvu hubaki wazi ikizizima kwa muda mrefu, na baadhi ya mashine husimama na kuonyesha hitilafu.

Kabla ya kufikiria pampu ya kuongeza msukumo, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Kwenye mdomo wa valvu kuna kichujio kidogo cha plastiki. Kivute kwa koleo ukioshe. Maji ya kisima na ya bomba linalokatikakatika huleta mchanga na kutu, na kichujio kilichoziba hupiga kelele zilezile za maji hafifu. Kwa upande mwingine, penye pampu yenye nguvu, maji yakikatwa ghafla bomba hupiga kishindo. Punguza koki kidogo, na ufunge bomba vizuri ukutani.

Mkanda na kaboni

Toa kifuniko cha nyuma. Kama mashine yako inatumia mkanda, utauona umezunguka gurudumu kubwa la ngoma na lile dogo la mota. Mkanda uliopasuka kingo, unaong'aa au uliolegea hulia mashine inapoanza, na huacha unga mweusi karibu yake. Kuubadilisha ni rahisi: ushike, zungusha gurudumu kubwa kwa mkono, utajitoa wenyewe kando. Kuuvalisha ni kinyume chake, ukianza na gurudumu dogo. Kabla ya hapo jaribu bolti ya katikati ya gurudumu kubwa. Ikiwa imelegea, gurudumu hugonga kila ngoma inapobadili upande. Baadhi ya mashine, zikiwemo nyingi za LG, hazina mkanda kabisa, kwani mota imefungwa moja kwa moja nyuma ya ngoma.

Mota za zamani zina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua mhimili. Vikilika, utasikia mtatariko mkavu, pengine utaona cheche na kunusa harufu ya kuungua. Vikibaki na urefu wa sentimita moja hivi, vibadilishe, na vyote viwili kwa pamoja, hata kama kimoja kinaonekana kizima.

Shokapu na springi

Tangi linaning'inia kwa springi juu na kutulizwa na shokapu chini. Fungua kifuniko cha juu, ambacho kwa kawaida kina skrubu mbili nyuma na huvutwa kuelekea mgongoni. Bonyeza tangi chini kwa mikono miwili, kisha liachie ghafla. Linatakiwa kupanda na kutulia, au kucheza mara moja na kusimama. Likiendelea kupanda na kushuka, shokapu zimechoka. Lipige tochi chini pia, utazame kama pini ya plastiki inayoshika shokapu imekatika. Mara nyingi shokapu yenyewe ni nzima na pini ndiyo iliyokwisha. Hubadilishwa kwa jozi. Wakati uko huko, jaribu vipande vya zege kwa mkono: bolti yake ikilegea, zege hugonga tangi kwa kishindo kinachotisha, na dawa yake ni spana tu.

Beringi: kelele ambayo haiponi yenyewe

Mashine ikinguruma kama ndege inayojiandaa kuruka, na ngurumo ikapanda na kushuka pamoja na kasi, hiyo ni beringi. Thibitisha kwa mikono. Fungua mlango, shika ukingo wa juu wa ngoma, uinue na kuushusha. Ngoma na tangi zikienda pamoja, sawa. Ngoma ikicheza peke yake ndani ya tangi na ukasikia mgongano, beringi imekwisha. Kisha izungushe kwa nguvu huku kiganja kimoja kimekaa juu ya bodi: beringi nzima huhisi laini, iliyokufa hukwaruza mpaka kwenye kiganja. Mwisho tazama nyuma ya tangi, katikati, chini ya gurudumu. Michirizi ya kutu au grisi nyeusi iliyoteremka ina maana sili imepitisha maji.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Sili ni mpira unaozuia maji ya ndani yasifike kwenye beringi. Ukichakaa, maji ya sabuni huosha grisi, kutu inaingia, na gololi zinaanza kusagana. Kwa hiyo kubadilisha beringi na kuiacha sili ya zamani ni kutupa pesa. Vyote hubadilishwa siku moja: beringi mbili, kubwa na ndogo, na sili yake.

Kabla ya kununua chochote, tazama tangi. Likiwa la vipande viwili vilivyofungwa kwa skrubu au klipu, linafunguka. Likiwa la plastiki iliyounganishwa kwa joto bila skrubu, haliwezi kufunguliwa bila kukatwa, na huenda ukalazimika kununua tangi zima. Wapo mafundi wanaolikata na kulifunga kwa bolti na silikoni. Linaweza kudumu, lakini dai dhamana ya maandishi.

Namba za beringi zimechorwa pembeni yake, na ni zilezile dunia nzima. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25, 6206 ni 30. Herufi 2RS zina maana imefunikwa kwa mpira pande zote mbili. Kwa sababu hiyo huhitaji duka la spea za mashine za kufulia. Maduka ya beringi za magari, pikipiki na pampu za maji, yawe Kariakoo au Kirinyaga Road, Nairobi, yanazo. Nenda na beringi ya zamani mkononi, na sili yake, ambayo vipimo vyake hutofautiana zaidi. Epuka ile ambayo bei yake ni ya ajabu. Kazi ya kufungua tangi ni ya siku nzima, na hutaki kuirudia.

Kazi yenyewe ni hivi. Tangi hutolewa nje pamoja na ngoma baada ya kufungua zege, nyaya, mipira na springi. Gurudumu likishatoka, mhimili hugongwa kuelekea ndani, bolti ikiwa imerudishiwa kidogo na kipande cha ubao kikiwa juu yake, ili nyuzi zisiharibike. Beringi za zamani hutolewa kwa kugongwa kidogo kidogo mduara mzima, ile ya mbele ikigongwa kutoka nyuma na ya nyuma kutoka mbele. Safisha mahali zilipokuwa zimekaa mpaka pang'ae. Mpya huingizwa kwa kugonga pete ya nje tu, ukitumia beringi ya zamani kama daraja; ukigonga pete ya ndani, gololi huumia kabla mashine haijawashwa. Paka mdomo wa sili grisi isiyopenya maji. Kisha pitisha ukucha kwenye sehemu ya mhimili inapokaa sili: ukinasa kwenye mfereji uliochimbika, sili mpya nayo itavuja mapema.

Ukiwa umefika hapo, kagua mikono mitatu ya aluminiamu inayoshika ngoma kutoka nyuma. Sabuni na maji ya chumvi huila. Kwenye miji ya pwani, wanakotumia maji ya visima, hukutwa imeota unga mweupe na kumomonyoka. Mkono uliopata ufa usiufunge tena ndani. Ukikatika katikati ya kukamua, ngoma hupasua tangi.

Za kufungulia juu na za matanki mawili

Mashine ya kufungulia juu imening'inizwa kwa fito nne zenye springi, moja kila kona. Jaribio la kubonyeza na kuachia ni lilelile, ila hapa unabonyeza ngoma. Fito zikilegea, ngoma hugonga bodi. Hubadilishwa zote nne. Kelele ya kukwaruza wakati wa kufua mara nyingi hutoka chini ya sahani inayozungusha maji. Toa skrubu yake ya katikati, pitisha kamba chini ya kingo mbili, uivute juu. Sarafu na uchafu wa sabuni utaviona hapo hapo.

Ya matanki mawili ina upande mmoja wa kufulia na mwingine wa kukamulia. Ikigonga upande wa kukamulia, kwanza gandamiza nguo sawasawa, uzifunike kwa kile kisahani cha plastiki ambacho wengi hukitupa. Ikilia inapozunguka kifuniko kikiwa kimefungwa, breki yake inasugua kwa sababu waya wake umelegea au umekatika. Ikigonga hata ikiwa tupu, tazama springi za mpira zilizo chini ya mota. Tahadhari moja: mota hizi zina kapasita, ambayo inaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Usiguse ncha zake. Hiyo mwachie fundi.

Wakati wa kuizima mara moja

Zima na uchomoe ukinusa mpira au waya unaoungua, ukiona moshi, maji yakitoka chini ya mashine, saketi breka ya nyumba ikikata, au ngoma ikianza kupiga tangi kwa nguvu. Usijaribu kumalizia mzunguko uliobaki kwa ajili ya nguo zilizomo. Beringi inayonguruma hukupa wiki kadhaa, pengine miezi. Mkono wa ngoma uliopata ufa haukupi hata siku moja ya uhakika.

Ukienda kununua ya mtumba

Majaribio haya haya hufanywa dukani bila kifaa zaidi ya tochi na bisibisi, na muuzaji hana sababu ya kuyakataa. Fungua mlango, inua ukingo wa ngoma, uzungushe kwa mkono, usikilize. Bonyeza tangi kutoka ndani uone linavyotulia. Omba kifuniko cha nyuma kitolewe, umulike katikati ya tangi kutafuta michirizi ya kutu. Uliza bolti za safari ziko wapi. Kisha iwashwe, ikamue ikiwa tupu mpaka kasi ya juu kabisa, huku mkono wako uko juu ya bodi. Muuzaji akikuambia umeme umekatika, rudi ukiwa umewaka. Ngoma ikicheza mkononi mwako, bei yake halisi ni bei aliyokutajia ukijumlisha beringi, sili na siku nzima ya fundi. Asipokubali kuitoa gharama hiyo kwenye bei, mwachie mashine yake.